Mwanafunzi wa Kubebesha

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliendelea kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikanyoa ndevu, nikavaa shati langu la mikono mifupi lenye mifuko miwili, mmoja wa kalamu na mmoja wa daftari. Nikishamaliza kuvaa ndipo nilipokumbuka kwamba sina pa kwenda. Siku ya tatu mke wangu alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kofia magotini.

"Unasafiri?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi vua viatu, baba. Nimetoka kudeki sasa hivi."

Yeye alikuwa muuguzi, mdogo kwangu kwa miaka minane, na bado alikuwa kazini. Akajifunga kanga juu ya sare yake nyeupe isichafuke njiani, akaondoka. Mimi nikabaki na nyumba. Nachingwea asubuhi ina kelele zake, za baiskeli, za mashine ya kusaga, za watoto wanaokwenda shule, na kila kelele niliyoisikia ilikuwa ya mtu anayekwenda mahali.

Nilikuwa bwana shamba kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni kazi ya miguu. Nimeitembea Nachingwea na Ruangwa kwa baiskeli, kwa pikipiki ya ofisi ilipokuwa nzima, na kwa miguu ilipokufa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akae kibarazani na redio ni kama kumfunga kamba. Nilifungua baiskeli yangu yote, nikaipaka grisi, nikaifunga. Baada ya siku mbili nikaifungua tena. Niliingia kwenye mashamba ya majirani bila kuitwa. Mama mmoja jirani yetu alikuwa anapalilia mahindi yake, nikasimama mpakani nikaanza kumweleza habari za nafasi kati ya mche na mche. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi, kisha akasema kwa upole, "Bwana Shamba, umestaafu. Pumzika. Tukikuhitaji tutakuita."

Hawakuniita.

Basi nikaanza kwenda ofisini kwangu kwa zamani, nikisingizia kuuliza mambo ya mafao. Kijana aliyechukua nafasi yangu alikuwa na adabu. Alinipa kiti cha karibu na mlango, kile ambacho mimi nilikuwa nawapa wakulima wenye malalamiko. Siku moja nikiwa nimekalia kiti hicho nililiona tangazo ukutani, limeandikwa kwa mkono: mafunzo ya kubebesha mikorosho, siku sita, Ruangwa, kwa wakulima wa vijiji vyote. Kila mmoja aje na vikonyo kutoka kwenye mkorosho wake bora.

"Niandike na mimi," nikamwambia.

Akacheka, akidhani natania. "Mzee, haya ni ya wakulima. Wewe ni mtaalamu. Wewe ndiye ungewafundisha."

Hapo sina budi kusema ukweli ambao sikumwambia yule kijana. Kubebesha nilikuwa nimekwisha kufundisha. Miaka ya tisini, karatasi za maelekezo zilipotufikia, nilizisoma kwa sauti mbele ya mikutano ya vijiji visivyopungua kumi: unachukua tawi changa la mkorosho mzuri, ndicho kikonyo, unalipachika juu ya mche mwingine mpaka viungane viwe mti mmoja. Nilisoma vizuri, nikapigiwa makofi. Lakini kisu cha kubebeshea sikuwahi kukishika hata siku moja. Chuoni zama zetu tulifundishwa kupanda korosho kwa mbegu, basi.

"Niandike," nikasema tena. "Nina mikorosho tisa nyuma ya nyumba."

Akafungua daftari. Alipofika kwenye safu ya kazi alisita, akanitazama. Nikaichukua kalamu mwenyewe nikaandika: mkulima. Sijui kwa nini mkono ulikuwa mzito namna ile. Baba yangu kule Newala alikuwa mkulima mpaka anaingia kaburini.

Mafunzo yalifanyika katika ghala lililokuwa tupu, msimu wa korosho ukiwa umekwisha na mvua zimeshika. Tulikaa kwenye mabenchi kama watoto wa shule, wengi wetu wenye mvi, maana vijiji vilikuwa vimeleta wazee wao; vijana walisema mambo ya mikorosho yanachelewesha maisha. Mwalimu wetu alikuwa binti wa rika la mtoto wangu wa mwisho, mwembamba, kitambaa kichwani, na sauti isiyopanda hata mvua ilipopiga bati. Alitugawa wawili wawili kwa kuhesabu: moja, mbili, moja, mbili. Mwenzangu alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofifia. Tulipewa kisu kimoja.

Nikamwamkia, kwa kuwa alionekana kunipita kidogo kwa umri. Akaitikia. Kisha akaniangalia kwa muda.

"Hunikumbuki, Bwana Shamba."

"Nisamehe, mzee wangu. Nimepita vijiji vingi."

"Malolo," akasema. "Ulipaka chokaa mikorosho yangu."

Nikakumbuka. Afadhali nisingekumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unateketeza maua ya mikorosho, na mashamba mengi yalikuwa yamesongamana, matawi yamekumbatiana, hewa haipiti. Ushauri wa kupunguza miti ulikuwa wa haki, na mpaka leo nausimamia. Ila inabidi uingie shambani, utazame mti mmoja mmoja, uulize upi unazaa na upi ni kivuli tu, ndipo uchague. Mimi nilikuwa na vijiji vinne vya kumaliza wiki ile. Pale Malolo nilipita na kopo la chokaa na brashi, nikapiga alama ya kukatwa mti mmoja, nikaruka mmoja, nikapiga unaofuata, safu hadi safu. Kwenye ripoti ilipendeza.

Mwenye shamba alinifuata nyuma. Nyumbani kwao walizungumza Kimwera, na Kiswahili chake kilitoka polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mbegu. Mimi nikaona na akili yake ni ya polepole hivyo hivyo. Kwenye mti mmoja aliweka kiganja juu ya alama mbichi ya chokaa. "Huu usiukate," alisema. "Huu alipanda mama. Huu unazaa hata mwaka wa ugonjwa."

Nikamwambia, "Mzee, mimi nimesomea."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nikasimama pale mpaka shoka la vibarua lilipomaliza kazi, kwa sababu nilijua nikigeuza kisogo hawataukata. Nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Sasa tulikuwa tumekaa benchi moja. Mwalimu akatuambia tutoe vikonyo vyetu. Vyangu nilikuwa nimevikata asubuhi ile nyuma ya nyumba, nikavifunga kwenye gazeti. Vilikuwa vyembamba na vimelegea. Mzee akafungua kipande cha gunia kilicholowa maji. Ndani mlikuwa na vikonyo vinene kama penseli, ncha zake zimevimba, karibu kuchipua. Mwalimu aliviinua juu darasa zima lione.

"Umevitoa kwenye mti gani, babu?"

"Kisiki," akasema mzee. "Walikata mti, kisiki kikachipua. Nikaacha machipukizi mawili yakue. Sasa yanazaa."

Hakunitazama. Nikajifanya nanoa kisu.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Unakata kichwa cha mche, unaupasua katikati, unachonga tako la kikonyo kama kabari, unakipachika, unahakikisha ganda limekutana na ganda angalau upande mmoja, unafunga kwa utepe wa plastiki, unavisha kifuko chembamba kama vile vya kuuzia barafu. Haya yote nilikuwa nimeyasoma kwa sauti mbele ya watu. Mkono wangu hata hivyo haukuwa na habari nayo. Kabari yangu ilitoka na mabonde. Mche wa pili nikaukata mpaka chini. Wa tatu nikajikata kidole gumba, damu ikachuruzika kwenye udongo wa kiriba cha mche, na mzee akanyoosha mkono, akachukua kisu.

"Unakimbilia wapi?" akaniuliza.

"Sikimbii."

"Kisu kinakimbia." Akachonga yeye, mara mbili tu, upande huu na upande ule, ikawa kabari safi. "Tena. Kisu kikae, kikonyo ndiyo kivutwe."

Siku sita nilijifunza namna hiyo, kwa maneno machache ya mtu ambaye nilikuwa na sababu zote za kumkwepa. Alipokwenda kuswali adhuhuri mimi nilizunguka ghala, nikahesabu madirisha, nikaenda barabarani nikarudi. Nilitamani kumwomba radhi na nilitamani magari yote ya kurudi Nachingwea yaondoke na mimi ndani. Sikufanya hata moja. Siku ya mwisho kila mmoja alipewa miche ishirini aliyobebesha, aende nayo nyumbani.

Mwalimu alitusisitizia jambo moja. "Muiweke kivulini, mmwagilie, na msifungue. Wiki tatu. Msifungue hata mkiona nini."

Niliipanga miche yangu ishirini chini ya kibanda cha makuti nilichokijenga kwa siku moja, nikaweka kigoda mbele yake. Siku ya kwanza niliitazama. Siku ya pili niliitazama. Ya nne nikawaza: pengine utepe umekaza mno. Nikafungua mmoja, kidogo tu, nikaangalia, nikafunga. Haukuonyesha dalili ya kitu. Nikafungua wa pili nilinganishe. Ya saba mke wangu alirudi kazini akanikuta nimepiga magoti, utepe mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

Akaweka mkoba wake chini. "Wagonjwa wangu wa namna yako nawajua. Tunawafunga bandeji, wakifika nyumbani wanafungua waone kama kidonda kimepona. Wanarudi kidonda kinanuka."

"Hivi si vidonda."

"Umekata kwa kisu, ukafunga. Ni nini basi?"

Nilimkasirikia siku mbili. Lakini sikuacha kufungua. Nataka nieleweke: nilijua. Nilikuwa nimeambiwa na mwalimu na nimeambiwa na muuguzi, nami mwenyewe kwa miaka thelathini niliwalalamikia wakulima kwamba hawafuati maelekezo. Ila asubuhi ikifika, nyumba ikiwa kimya, mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Kutofanya kitu ndiyo kazi ambayo sikuwahi kupewa maishani.

Wiki tatu zilipotimia vikonyo kumi na tisa vilikuwa vimekauka vikawa vyeusi kama njiti za kiberiti zilizotumika. Mche mmoja ulikuwa na jani dogo jekundu. Ule uliokuwa pembeni kabisa, nyuma ya ndoo, ambao nadhani niliusahau.

Nikapanda baiskeli kesho yake kwenda Malolo. Sikumuaga mke wangu vizuri, nilimwambia narudi jioni, na nilijua ni uongo kwa umbali ule na tope lile. Nililala kwa ndugu pale Ruangwa, asubuhi nikaendelea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yakatoka kama ripoti: napenda kukiri kwamba zoezi la upunguzaji halikuzingatia maoni ya mwenye shamba.

Nilimkuta mzee ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi pamoja na mkewe. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe mdogo, miche yake ilikuwa imesimama. Nikaihesabu kabla hata ya kumsalimia sawasawa. Kumi na saba ilikuwa na majani.

"Yako?" akauliza.

"Mmoja."

Mkewe akaguna kwa huruma. Mzee akaendelea kupukuchua. "Ulifungua."

"Nilifungua."

"Mche hauna ripoti ya wiki, Bwana Shamba."

Nikacheka. Ndipo nikasema, bila mpango wowote wa njiani, "Mti wa mama yako. Nilikosea. Ulinieleza nikakataa kukusikiliza. Hata sikuutazama ule mti."

Mikono yake ikasimama. Mkewe akainuka akaingia ndani, sijui kwa adabu au kwa hasira.

"Ule mwaka tulikula mihogo peke yake," mzee akasema. "Mama alikuwa bado hai. Alisikia shoka. Aliniuliza nani anakata, nikamwambia serikali. Sikutaka kumwambia ni mtu."

Hakusema nimekusamehe, wala hakuniambia niondoke. Alichosema, baada ya kumaliza hindi lile mkononi, ni kwamba ana miche mingine hamsini ya mbegu iliyofikia kimo, na vikonyo vipo, na macho yake jua likiwa kali hayaoni vizuri utepe unapoishia.

"Ukitaka, kaa," akasema. "Ukikaa, hukati. Unafunga tu."

Nilikaa siku tano. Nilifunga tu. Alikata na kupachika yeye, nami nikazungusha utepe, na kila nilipomaliza mmoja alipitisha kidole kwenye kiungo. Mara nyingi alisema, "Fungua," nikafungua, nikaanza upya pale pale. Jioni alinionyesha kisiki. Kilikuwa kipana kuliko meza ya ofisini kwangu, na machipukizi mawili yalikuwa yamekuwa miti, moja kila upande. Aliniacha nisimame pale peke yangu. Sikuweza kusimama sana. Nilirudi nyumbani kwake nikauliza kama kuna kuni za kupasua.

Niliporudi Nachingwea mke wangu alikuwa amekwisha kupeleka habari kwa watu watatu kwamba nimepotea. Alinisema mpaka alipochoka. Kisha akauliza, "Umejifunza nini?"

"Kufunga," nikasema.

"Siku zote hizo?"

"Na bado sijajua vizuri."

Mwaka uliofuata mafunzo yalipotangazwa nilijiandikisha tena. Mwalimu aliponiona benchini alishangaa. "Mzee, wewe cheti unacho."

"Cheti ninacho," nikasema. "Miche sina."

Wenzangu walicheka, na yeye akacheka, akaniandika. Safari hiyo niliondoka na miche ishirini, na nilipofika nyumbani nikaipeleka yote kwa yule mama jirani, nikamwomba aniwekee kwake na asiniruhusu kuivuka seng'enge. Alitimiza kazi hiyo kwa furaha kubwa. Mara mbili alinifukuza na fagio. Kumi na mmoja ilishika. Niliipanda nyuma ya nyumba, na sita niliyoona ina nafasi ya kutosha ndiyo iliyobaki hai kwa miaka iliyofuata; mchwa waliondoka na mingine.

Baadaye, miaka ya elfu mbili ikiwa imekolea na ufuta umeanza kushindana na korosho, mwalimu yule alimwomba mzee wa Malolo azunguke vijijini awaonyeshe wenzake. Nilikwenda naye Chunyu, nikaenda naye Mbekenyera. Mimi nilibeba ndoo na vifuko. Tulipofika mahali, watu walinijua mimi, wakaleta kiti, wakasema, "Bwana Shamba, karibu, tufundishe." Nilizoea kuwaambia, "Anayefundisha ni huyu." Ilinichoma kila mara. Sitadanganya kwamba ilifika siku haikunichoma. Mzee alifundisha kwa maneno yake machache, Kimwera kikiingia pale Kiswahili kilipomwishia, na watu walimwelewa kuliko walivyowahi kunielewa mimi.

Macho yake yalizidi kufifia. Mke wangu alimpeleka hospitali, wakasema ni mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji jicho moja likarudi kidogo, la pili halikurudi. Ikabidi kisu nishike mimi. Siku ya kwanza nilikata mbele yake, kwake Malolo. Nikapachika, nikafunga, nikamkabidhi mche. Akapitisha kidole.

"Umesogea upande," akasema. "Ganda halijakutana. Lete mwingine."

Nikaleta mwingine. Siku hiyo tulifanya miche thelathini, akakataa tisa. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, mgongo unauma, na nilijikuta nimenuna kama mtoto aliyenyimwa alama. Tulikula ugali na kisamvu, akaniambia niende kupumzika.

Sikupumzika. Mkewe alikuwa ameniambia kwamba kuna mama kule Mbekenyera anayekamua mafuta ya ufuta kwa mashine ya mkono, na kwamba mafuta yake hayachachi. Nilitaka kujua anafanyaje. Sikuwa na miadi naye wala sikujua nyumba yake. Nikaipakia baiskeli, nikamuaga mzee, nikaondoka jua likiwa bado kichwani.